Uongozi Hauanzi Siku ya Kupewa Cheo



  Sisi ni vijana, wa kike na wa kiume, tuliosoma katika madrasa hii, na sasa tunasoma vyuoni Dar es Salaam. Tumeombwa tuandike juu ya uongozi.

Ndugu wasomaji, jarida hili halikosi makala ya uongozi kila mwaka, na kila mwaka, mtusamehe kwa kusema, makala hiyo huwaambia wadogo zetu kwamba wao ni viongozi wa kesho. Sisi nasi tuliambiwa hivyo tukiwa bado tunahangaika na Juzuu Amma. Tarehe ya hiyo kesho hatukutajiwa. Maoni yetu ni kwamba neno "kesho" ndilo linaloharibu kazi. Uongozi mtu hujifunza leo, kwa vitu vidogo vilivyo mbele yake, au hajifunzi kabisa. Na madrasa yetu, pamoja na mema yake yote tuliyoyala na kushiba, haiwapi wanafunzi vitu hivyo wakavishika kwa mikono yao.

Neno "chuo" lenyewe linachekesha. Bibi zetu wakisema mtoto yuko chuoni walikuwa na maana ya hapa hapa, penye mkeka na msahafu. Leo ukisema uko chuoni watu wanafikiria digrii. Kwa hiyo sisi tumetoka chuo tukaenda chuo, na tulipofika kwenye hicho cha pili tulikuta uongozi una sura mbili.

Sura ya kwanza ni ile ya mabango. Vyuo vikuu vyetu vina serikali za wanafunzi, zenye rais, waziri mkuu, mawaziri na bunge. Msimu wa uchaguzi ukifika kuta zinajaa picha za vijana waliovaa suti za kuazima, na usiku kunakuwa na misafara na nyimbo. Hatusemi kwamba yote ni upuuzi, maana wapo waliochaguliwa wakahangaika kweli kweli na wenzao ambao fedha zao za mkopo, zile tunazoziita "boom", zilichelewa mpaka wakawa wanalala na njaa. Lakini wengi tuliowaona walikuwa wanagombea jina. Na hapo Muislamu hukumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alimuusia Abdur-Rahman bin Samura (R.A.) asiombe uongozi, kwa kuwa anayepewa kwa kuuomba huachiwa mzigo wake peke yake, na anayepewa bila ya kuomba husaidiwa.

Mwenzetu mmoja aliwahi kuuliza katika darsa: mbona Nabii Yusuf (A.S.) aliomba? Swali ni zuri. Tukitazama Sura Yusuf aya ya 55 tutaona kwamba hakuomba kiti wala taji. Aliomba ghala. Aliomba kazi ya kutunza chakula kwa miaka ambayo watu wangekufa njaa, na akataja sababu mbili za kufaa kwake, kwamba anajua kuhifadhi na kwamba ana elimu ya jambo hilo. Kabla ya hapo alikuwa gerezani, na wafungwa wenzake walikwishamjua kuwa ni mtu mwema. Huko gerezani hakukuwa na uchaguzi.

Sura ya pili ya uongozi tuliikuta bombani.

Mwishoni mwa mwaka 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua na Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji. Aliyeishi hosteli wakati ule anajua maana yake. Maji yalitoka kwa saa chache, tena saa ambazo binadamu amelala. Katika hosteli moja alikuwapo kijana wa Mkuranga, mpole, mtu wa nyuma darasani. Yeye aliweka kengele ya simu saa tisa usiku. Akiamka alikwenda kugusa bomba. Maji yakiwa yanatoka angeweza kujaza ndoo zake mbili akarudi kulala, na hakuna ambaye angemlaumu, lakini alipita mlango kwa mlango akigonga taratibu na kusema neno moja tu, "Maji." Aliyekuwa na homa alimjazia ndoo yake. Haikupita wiki mbili, watu wakawa wanamuuliza yeye kila jambo: pasi ya umeme nani anaitumia kwanza, mgeni wa fulani alale wapi, waliogombana wakae vipi chumba kimoja. Wazee wetu husema ukubwa jalala, yaani kila taka hutupwa hapo. Kijana yule akawa jalala la ghorofa nzima bila ya kupigiwa kura hata moja.

Na sisi tuliokuwa tukigongewa milango tulianza kuamka wenyewe. Hakutuhubiria. Hili lina asili katika Sira. Mwaka wa 6 Hijria, pale Hudaybiya, baada ya mkataba na Makureshi, Mtume (S.A.W.) aliwaamrisha masahaba wachinje wanyama wao na wanyoe. Kwa huzuni ya kuzuiwa kufika Makka hakuinuka hata mmoja, ingawa alirudia mara tatu. Akaingia hemani kwa mkewe Ummu Salama (R.A.) akamweleza. Bibi huyo akamshauri atoke, asimsemeshe mtu, achinje mnyama wake na aite wa kumnyoa. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka. Tunaomba wasomaji wetu wa kike waizingatie habari hii, na wa kiume waizingatie zaidi.

Tumehudhuria pia semina za uongozi, tena si moja. Semina hizo zina soda, zina karatasi zenye mishale na maduara, na mwisho zina cheti chenye muhuri. Hatuzidharau, na vyeti tumevitunza. Ila hatujapata kumwona mtu aliyeingia semina akiwa mvivu wa kuamka akatoka akiwa mwamkaji.

Sasa tuwasimulie msiba mmoja, maana humo ndimo tulimojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote. Mwenzetu alifiwa na baba yake Kilwa Kivinje. Habari zilitufikia baada ya sala ya Magharibi, na maziko yalipangwa kesho yake baada ya Adhuhuri. Kutoka Dar es Salaam mpaka Kilwa ni mwendo wa nusu siku, hata kwa barabara ya lami ya siku hizi na Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walivuka Rufiji kwa kivuko na safari ilikuwa ya kusubiri. Kwa hiyo muda wa kufikiri ulikuwa usiku mmoja.

Tulikusanyika uwanjani kiasi cha watu sitini, na kama ilivyo desturi kila mtu akawa na rai. Mmoja alisema iundwe kamati. Mwingine akasema kwanza tuandike barua. Kiongozi wetu rasmi alikuwa pembeni akitayarisha maneno ya kuwaambia wafiwa, na hatumsemi vibaya, hotuba nayo ina siku yake. Katika kelele hizo dada mmoja wa mwaka wa pili, asiye na cheo chochote, alikaa kwenye ngazi akafungua daftari la hesabu upande wa nyuma. Akauliza mambo matatu. Nani ana hakika ya kwenda, si anayependa kwenda. Nani ana fedha mkononi usiku huu. Nani anabaki, ili awaeleze walimu kwa sababu kesho palikuwa na jaribio. Akaandika jina moja moja, na kiasi mbele ya jina. Aliyeahidi bila kutoa aliandikwa katika ukurasa mwingine.

Kisha akapiga simu tatu za madereva wa Coaster. Wa kwanza alitaka shilingi 800,000 kwenda na kurudi. Kwa yule wa tatu wakakubaliana 650,000, nusu alfajiri na nusu baada ya kurudi salama. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyotufundisha kitu, kwa sababu wanaume wazima tuliokuwapo pale tulikuwa tayari kumpa dereva zote kwa mkono mmoja. Tulipodhani mambo yamekwisha, akasema, "Tunakwenda watu thelathini na wanne nyumbani kwa mfiwa. Mama wa watu atatupikia nini?" Wawili wakatumwa dukani kabla hakujafungwa, wakanunua mchele, mafuta, sukari na maharage. Mtume (S.A.W.) alipofikiwa na habari ya kuuawa kwa Ja'far bin Abi Talib (R.A.) huko Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, aliagiza watu wa nyumba ya Ja'far wapikiwe chakula, kwa kuwa yamewafika ya kuwashughulisha. Hadithi hiyo wengi wetu tuliihifadhi hapa madrasa. Aliyeikumbuka usiku ule ni mmoja.

Tulifika saa tano, tukazika, tukala tulichokipeleka. Wakati wa kurudi, gari likiwa limekwisha pita Somanga, alisimama akishika kiti akasoma hesabu yote kwa sauti, kilichoingia, kilichotoka, na kwa nani. Zilibaki shilingi 14,500. Akauliza zifanywe nini. Zikapelekwa kwa mfiwa, ziwe nauli yake ya kurudi chuoni. Hakuna aliyeguna. Tunasema hakuna aliyeguna kwa kuwa tunaijua michango ya vyuoni, na ya misikitini, na ya mitaani: maguno yake huwa mengi kuliko fedha yenyewe.

Baadaye tulimuuliza alijifunzia wapi. Alicheka. Mama yake alikuwa kijumbe wa mchezo wa fedha wa akina mama mtaani kwao, na macho yalipoanza kumsumbua, daftari likawa la mtoto. Mama aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama wanawake wengi wa pwani wa rika lake, kwa hiyo binti ilimbidi ajue herufi zote mbili ili deni la mtu lisipotee baina ya kurasa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Kila Jumapili jioni alisoma majina mbele ya kina mama ishirini, na aliyechelewa kulipa alisikia jina lake likisomwa na mtoto. Semina gani ingeweza kumfundisha hayo?

Tunapenda hapa kumtaja Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2000. Elimu yake ya darasani iliishia darasa la nne. Mwaka 1955, TANU ilipokuwa chama kichanga na wanawake hawaonekani humo, alipewa kazi ya kuwaingiza. Hakuanza kwa kutafuta wasomi, ambao hata hivyo hawakuwako. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, kwani yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi kimojawapo. Kila kikundi kilikuwa na viongozi wake, michango yake na namna yake ya kuitana. Kwa miezi michache tu maelfu ya wanawake wakawa na kadi. Tunajua wapo watakaokunja uso kwa kutajwa ngoma katika jarida la madrasa. Hatutetei ngoma. Tunasema kwamba wanawake wale walikwisha kuwa viongozi kabla ya chama kuwajua, na walijifunza kwa kushughulikia sare, harusi na misiba yao.

Basi turudi madrasa, maana huko ndiko tulikokusudia tangu mwanzo.

Tuulizane: mtoto wa madrasa yetu anashika nini? Anashika msahafu, alhamdulillah. Anashika ufagio. Na akiwa mkubwa kidogo anaweza kuteuliwa kiranja, ambaye kazi yake ni kusimama na kuandika majina ya wapiga kelele ustadhi akitoka. Hiyo ndiyo kalamu ya kwanza ya uongozi tunayompa mtoto: kalamu ya kuwaandika wenzake wapigwe. Na soko lake linajulikana na kila aliyepita hapa. Jina hufutwa kwa kipande cha muhogo, au kwa barafu, na rafiki wa kiranja hapigi kelele hata akipiga. Kisha watu wakikua tunashangaa rushwa imetoka wapi.

Vitu vingine vyote vimefungwa kwa ufunguo wa mtu mzima. Kabati la vitabu limefungwa. Daftari la ada analo mtunza hazina. Maulidi inapokaribia kamati ni ileile ya wazee watano, ingawa wanaojua mchele uliliwa kilo ngapi mwaka jana, na sufuria zipi zilipungua, na jirani yupi alikopesha majamvi, ni mabinti wa darasa la juu ambao hukesha jikoni. Majina yao hayamo katika kamati. Wala hawaulizwi. Siku ikifika, shukrani husomwa kwa "kina mama na mabinti zetu" kwa jumla, kisha watu wanatawanyika.

Hapa pana hatari, nayo tunaiona tukitazama nyuma. Tulioanza pamoja Juzuu Amma tulikuwa zaidi ya arobaini. Tuliofika mwisho tulienea katika mkeka mmoja. Wengi waliondoka wakiwa na miaka kumi na tatu, kumi na nne. Tumewauliza baadhi yao, si kwa kuwasimanga. Hawakusema walichoshwa na Qur'ani. Walisema waliona wamekuwa wakubwa, na pale hapakuwa na kazi ya mtu mkubwa. Nje ya uzio walipata timu ya mpira, ambako mmoja aliweka fedha za mpira na mwingine alipanga safari, ikawaonyesha kwamba wanahitajiwa. Mtoto aliyehitajiwa mahali hukaa mahali hapo.

Tunajua jibu la wazee wetu, na ni jibu la haki: mali ya madrasa ni amana, na mtoto akiipoteza nani ataulizwa? Hatuombi mtoto akabidhiwe fedha za ujenzi. Lakini tunawaomba maustadhi wetu watazame kile kile walichotusomesha. Sura An-Nisaa aya ya 6 inaamrisha mayatima wajaribiwe, kisha wakionekana wameongoka katika mambo yao wapewe mali zao. Wanavyuoni wa Kishafi wakauliza: wajaribiwe lini? Katika Minhaj ya Imam Nawawi (R.A.), kitabu kinachojulikana katika darsa za pwani yetu yote, kauli yenye nguvu ni kwamba majaribio huwa kabla ya kubaleghe. Mtoto wa mfanyabiashara hujaribiwa kwa kuuza, kununua na kuvutana bei. Mtoto wa mkulima hujaribiwa kwa kilimo. Msichana naye ametajiwa mambo ya kwao ya zama zile, ya kusokota nyuzi na hata kulinda chakula kisiliwe na paka. Wenye kucheka na wacheke, lakini faqihi mkubwa aliyefariki mwaka wa 676 Hijria aliona kwamba anayeweza kulinda chungu ameanza kuonyesha akili ya kulinda mali. Na kwa mujibu wa kauli hiyo mtoto hukabidhiwa fedha ili avutane bei, na ukifika wakati wa kufunga biashara yenyewe, walii ndiye anayefunga. Yaani mtoto anafanya, mkubwa yuko karibu. Njia hiyo ipo tangu zamani, haikuletwa na wafadhili.

Na akipungukiwa? Atapungukiwa, hilo halina shaka. Hapo tunawakumbusha wasomaji habari ya Amr bin Salama (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Watu wake waliishi penye maji, njiani, na misafara ilipopita mtoto huyu aliwauliza wasafiri habari za Mtume, akawa anahifadhi Qur'ani kutoka vinywani mwao. Baada ya kufunguliwa Makka kabila lake liliposilimu waliambiwa awasalishe yule aliyehifadhi Qur'ani zaidi. Wakatafuta, wakaona ni yeye. Alikuwa na miaka sita au saba. (Wanavyuoni wametofautiana juu ya uimamu wa mtoto, Mashafi wanaukubali kwa mtoto aliyekwisha kupambanua mambo.) Basi wakamtanguliza. Lakini alikuwa amejifunga shuka fupi, na kila aliposujudu mwili wake ulionekana. Mwanamke mmoja akawaambia watu wamstiri imamu wao. Wazee wa kabila wangeweza kusema, tulijua, huyu mtoto hafai, arudi nyuma. Walikwenda wakanunua nguo wakamshonea kanzu. Mwenyewe alipokuwa mtu mzima alisimulia kwamba hakuna kitu kilichowahi kumfurahisha kama kanzu ile.

Wazazi wetu, sisi tunaomba kanzu. Daftari la wiki likipungukiwa shilingi 2,000, hiyo ni shuka fupi. Mkae na mtoto, mrudie hesabu naye, mumwonyeshe jina alilosahau, na wiki ijayo alishike yeye tena. Ni afadhali ajifunze kwa 2,000 akiwa na miaka kumi na miwili, na ustadhi yuko pembeni, kuliko ajifunze kwa milioni mbili za msikiti akiwa na miaka arobaini, na hakuna anayethubutu kumuuliza. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, haizungumzii vita wala ufalme. Inazungumzia kuandikiana deni. Tuliihifadhi sote. Ni wangapi kati yetu waliondoka hapa wakiwa wamewahi kuandika deni?

Mambo tunayoyapendekeza si makubwa. Daftari la ada ya wiki liandikwe na wanafunzi wawili kwa zamu ya mwezi, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, na lisomwe kwa sauti mbele ya watu kabla ya dua ya kufunga wiki. Tangi la maji ya udhu liwe na mwenyewe miongoni mwa wanafunzi, ajue limebaki kiasi gani na nani aitwe bomba likivuja. Kamati ya Maulidi iwe na nafasi mbili za mabinti wanaopika, kwa majina yao. Kazi ya kiranja ya kuandika wapiga kelele ifutwe kabisa, na mahali pake awe na orodha ya wasiofika, pamoja na wajibu wa kupita majumbani kwao kuuliza wana nini. Hilo la mwisho tunalipenda kuliko yote. Mtoto akigongewa mlango na mwanafunzi mwenzake akaulizwa, "Jana hukuja, unaumwa?", yeye na mama yake hawalisahau jambo hilo upesi.

Wapo watakaosema haya ni mawazo ya vijana wa mjini waliosahau umaskini wa madrasa zetu. Ni kweli kwamba madrasa ni maskini. Ustadhi anafundisha watoto tisini, ada inaingia nusu, na yeye ndiye anayefagia, anayeandika, anayetafuta fundi wa paa. Kwa sababu hiyo hiyo ndiyo tunasema. Ana mikono mia na themanini mbele yake kila jioni, nayo imekunjwa.

Kwa upande wetu tuliopo Dar es Salaam tumechangishana kidogo tulichojaaliwa, katika "boom" na katika vibarua vyetu. Fedha imenunua madaftari manne ya hesabu na imelipa nusu ya gharama ya kabati jipya la vitabu. Nusu nyingine tutamlipa fundi likifika salama, kama tulivyofundishwa na yule dada wa Kilwa. Hesabu yote ameipokea mwalimu mkuu kwa maandishi, na anayetaka kuiona aiombe. Fundi ameahidi kabati litakuwa tayari kabla ya Shaaban. Litakuja na kufuli moja na funguo mbili. Ufunguo mmoja utakaa kwa ustadhi. Wa pili tumeufunga kwenye kamba nyekundu, na kamati itakapokaa mwezi ujao tunaiomba iamue utavaliwa shingoni na mwanafunzi yupi.